Ng'oeni friji ya gesi kwa kempa, lakini si kwa sababu mnayouziwa

Wadau, kuna kitu nimenyamazia kwa muda na leo nakisema. Hapa Kamere na barabara yote ya South Lake, kutoka Karagita hadi Kongoni, ukikutana na mtu mwenye gari la kempa atakuambia anataka kung'oa friji ya gesi aweke kompresa ya betri. Sipingi. Nimerekodi kazi kama hizo kwa kamera yangu, na zingine nimeweka kamera chini nikashika spana. Kinachoniudhi ni ile sababu watu wanauziwa nayo. Ati "utaokoa pesa ya gesi". Hiyo hesabu haitoki. Anayekuambia hivyo ama hajaipiga, ama ameipiga akaficha jibu.

Ng'oa, ndiyo. Ng'oa kwa sababu ile friji haiwezi kazi ya huku kwetu. Na kabla hujang'oa, ujue ndani ya yale mabomba ya nyuma kuna nini, kwa sababu huko ndiko vijana wenzangu wanaumia na hakuna anayelisema.

Wacha nianze na mashine yenyewe, juu watu wengi wanaidharau bila kuijua. Friji ya gesi ya kempa kitaalamu ni friji ya abzopsheni. Walioibuni kwa umbo hili tunalolijua ni wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka wa 1922. Wanafunzi! Kampuni ya Electrolux ikaichukua na kuanza kuiuza miaka michache baadaye. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo hii stori huwa naipenda zaidi ya inavyofaa.

Jinsi inavyofanya kazi ni ujanja mtupu. Mwali mdogo wa gesi unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia inatoka kama mvuke, inapanda juu, inapoa kwenye mabomba ya nyuma na kugeuka kuwa kioevu. Halafu inateremka hadi sehemu ya baridi, inakutana na haidrojeni, na hapo inageuka tena kuwa mvuke huku ikibeba joto la chakula chako. Mwishowe maji yanaifyonza, mnarudi kwa mwali, mzunguko unaanza upya. Hakuna mota. Hakuna pampu. Hakuna kelele hata kidogo. Kinachosukuma kila kitu ni joto, na kioevu kuteremka kwa uzito wake.

Mashine kama hiyo imewahi kuokoa maisha ya watu. Zahanati nyingi za mashambani Afrika ziliweka chanjo kwenye friji za mafuta ya taa au gesi za aina hii kabla ya friji za sola kuingia. Kwa hivyo nikisema ing'olewe kwenye kempa, si ati ni takataka. Iko mahali ambapo si pake.

Angalia sasa mambo inayodai. Ya kwanza ni hewa. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya bahari. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na hizi friji vinaonya kwamba ukipita kama mita 1,000 mwali wa gesi unaweza kusumbua. Hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo, mwali unageuka wa njano badala ya bluu, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi, joto linapungua, na friji inakaa vuguvugu. Mwenye gari anafikiria gesi imeisha. Anabadilisha mtungi. Bado vuguvugu. Na mwali unaoungua vibaya unatoa monoksidi ya kaboni, ile hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Kwenye van iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya usiku ya Naivasha, hilo si jambo la kuchekea.

Ya pili ni usawa wa gari. Kumbuka hakuna pampu; kioevu kinateremka chenyewe. Gari likiegeshwa limeinama, kioevu kinatuama mahali pasipofaa, kichemshio kinakauka na kupata joto kupita kiasi, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaganda na kuziba mabomba. Ukiliacha hivyo siku kadhaa, umeua friji, na hakuna fundi atakayeifufua. Kambi za hapa chini kando ya ziwa ziko tambarare kiasi. Lakini wateja wa kempa hawaji kukaa tambarare. Wanapanda Eburru. Wanaenda Suswa. Wakati wa Safari Rally, tangu irudi kwenye ratiba ya dunia mwaka wa 2021, wanaegesha popote penye nafasi na vumbi.

Ya tatu ni barabara. Ukiwa unaendesha, mwali wa gesi unapaswa kuwa umezimwa, na ukiingia kituo cha petroli kabisa usithubutu kuuacha. Sasa hesabu mteja anayetoka Nairobi asubuhi, anateremka Mai Mahiu kwenye foleni ya malori, analala hapa, kesho yake anaelekea Mara. Saa ambazo friji inahitajika zaidi, jua likiwa kali na mtu yuko barabarani, ndizo saa ambazo gesi imefungwa.

"Si iko na swichi ya volti 12?" Iko. Hapo ndipo betri nyingi za South Lake zimefia.

Friji ya gesi ikiwekwa kwenye volti 12 haibadiliki kuwa kitu kingine. Bado inachemsha amonia, ila sasa inachemsha kwa waya wa hita badala ya mwali. Hita ya friji ya wastani inakula kama wati 120, yaani ampea 10. Na nyingi zikiwa kwenye volti 12 hazina hata thamostati. Hita inawaka tu mfululizo. Ampea 10 kwa saa 24 ni ampea-saa 240. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo hufai kuitumia zaidi ya nusu, itakupa saa tano. Ile swichi iliwekwa itumike injini ikiwa inanguruma na oltaneta inachaji, basi. Mtu akilala nayo imewashwa, asubuhi gari haliwaki.

Kompresa ni stori nyingine kabisa. Haichemshi kitu. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, na kwa kila wati moja ya umeme inaweza kuhamisha wati moja ya joto au zaidi. Ile ya gesi inahamisha robo hivi ya joto unalolipa, wakati mwingine hata haifiki. Kompresa ndogo ya volti 12, mfano zile ambazo zamani ziliitwa Danfoss na tangu 2010 zinaitwa Secop, inavuta kama wati 50 ikiwa inanguruma, na kwenye sanduku zuri inanguruma chini ya nusu ya siku. Kwa jumla weka wati-saa 500 kwa siku. Ile hita ilikuwa inakula karibu 2,900. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina karibu wati-saa 1,280, kwa hivyo hata mawingu yakikaa siku mbili bado uko sawa. Paneli ya wati 200 juu ya paa, kwa jua letu la saa tano nzuri kwa siku, ukitoa hasara za waya na joto na vumbi, inakupa kama 700. Inatosha na chenji inabaki ya kuchaji simu.

Na inapoza kwenye mteremko. Inapoza ukiendesha. Urefu wa mita 1,890 hauijui.

Hiyo ndiyo sababu. Sasa turudi kwa uongo wa gesi.

Friji ya gesi ya kempa inatumia kama gramu 300 za gesi kwa siku. Mtungi wa kilo 6 ni siku 20. Mtu anayetoka na kempa yake wikendi, tuseme siku 20 kwa mwaka mzima, anatumia mtungi mmoja. Mmoja! Bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 mnaijua nyote. Halafu unamwambia anunue kompresa, betri ya lithiamu, paneli, kidhibiti cha sola na kazi ya fundi "aokoe gesi"? Atarudisha pesa yake akiwa na wajukuu. Hata van ya kukodisha inayokaa barabarani siku 200 kwa mwaka inatumia mitungi 10. Bado ni pesa ndogo ukilinganisha na gharama ya kubadilisha.

Mwenye van ya kukodisha halipi kwa sababu ya gesi. Analipa kwa sababu nyama ya mteja ikiharibika Mara, mteja hatarudi tena, na atawaambia wenzake. Analipa kwa sababu kuna wageni wanaosafiri na insulini na wanauliza kabisa: friji yenu inakaa digrii ngapi? Ukimjibu "inategemea gari limeegeshwa vipi" umepoteza hiyo kazi. Mwambieni mteja ukweli huo na atalipa akiwa ameridhika. Ukimwambia uongo wa gesi, mwaka ukiisha atapiga hesabu mwenyewe, na atakayeitwa mwizi si wewe peke yako, ni "hawa vijana wa Kamere". Sisi hatuna vyeti ukutani, wengi wetu. Kitu tulicho nacho ni jina.

Na yule wa siku 20 kwa mwaka, kama friji yake ya gesi inawaka bluu na inapoza, mwambieni aiache. Ndiyo, mnapoteza kazi. Mwambieni tu.

Kuna swali lingine watu hawaulizi: ubadilishe friji ama utoe yote uweke mpya? Msimamo wangu ni huu. Kama ile ya gesi bado nzima, usiiguse ndani. Itoe nzima, iuze nzima. Kuna mtu mwenye nyumba mahali tambarare, mbali na stima au kwenye stima inayopotea kila mvua ikinyesha, ambaye itamfaa miaka mingine 10 kwa sababu haina kitu cha kusagika. Wewe weka friji mpya ya kompresa kwenye lile shimo. Lakini kama kipozeo chake kimekufa, na sanduku, mlango na foamu viko sawa, hapo ndipo kubadilisha kunaingia: unatoa kile kipozeo cha nyuma, unabaki na sanduku, unafunga seti ya kompresa na bamba lake la baridi ndani.

Utajuaje kimekufa? Iweke kwenye stima ya kawaida, volti 240, gari likiwa limesimama sawa kabisa, uiache usiku mzima. Kama mabomba ya chini nyuma yako moto na ya juu ndani hayana baridi, mzunguko umeziba. Ukiona unga wa njano kwenye mabomba, au ukinusa harufu kama ya mkojo mkali, imevuja. Usiishike kwa mkono mtupu, usilale ndani ya hilo gari, fungua milango yote.

Kazi ya kubadilisha yenyewe haihitaji miujiza, inahitaji uvumilivu. Bomba la gesi ya kupikia lifungwe kwa kizibo chake kwenye vali, si kukunjwa na koleo, kisha lipimwe kwa maji ya sabuni. Seti nzuri ya kompresa inakuja ikiwa na gesi yake ya kupoza ndani na viungio vya kukaza kwa spana, kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kuwasha moto wa kulehemu ndani ya van. Siku hizi gesi nyingi za kupoza ni za aina inayoshika moto, na ile van tayari ina mtungi wa kupikia. Foamu iongezwe popote panapoingia, hata sentimita tatu. Kila sentimita ya foamu ni paneli ambayo hukununua. Raba ya mlango ijaribiwe kwa noti: funga mlango juu ya noti, vuta, ikitoka bila kukaza, raba imechoka. Zile tundu za hewa kwenye ukuta wa gari usizizibe zote, kompresa nayo inahitaji kupumua. Ziba ya bomba la moshi, acha ya chini na ya juu.

Halafu waya. Karibu kila simu ninayopigiwa na mtu anayelia ati "kompresa inazima yenyewe" ni waya. Amefunga waya mwembamba wa taa, mita tano kutoka kwenye betri. Kompresa ikianza kuvuta, nusu volti inapotea njiani, kile kidude cha elektroniki kinadhani betri inaisha na kinazima ili kuilinda. Kinafanya kazi yake. Weka waya wa milimita 4 au 6, fyuzi karibu na betri, na usipitie soketi ya kuwashia sigara. Hiyo tu. Mtu ametumia pesa ndefu kwenye lithiamu akajinyima mita 10 za waya, manze.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike.

Kile kipozeo cha zamani kinaenda wapi? Nimeona kinaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mabomba ni chuma kizito, kinalipa kwa kilo, na ili kipimwe kikiwa kitupu mtu anakikata kwa grainda. Nilikuwepo siku moja, si mbali sana na ufuo wa samaki. Kijana wa miaka kama 17 alikata bomba, na kilichotoka kilitoka kwa kishindo, juu ndani ya ile mabomba kuna mgandamizo mkubwa kuliko wa tairi la lori, hata kama friji imekufa. Amonia ilimpiga usoni. Alikimbia hajui anakokwenda, macho yamefunga, anakohoa kama mtu anayezama. Mama mmoja aliyekuwa anaosha samaki ndiye alimshika na kummwagia maji usoni, ndoo baada ya ndoo, kwa muda mrefu, hadi akaweza kufungua jicho moja. Wengine tulikuwa tumesimama mbali tumeziba pua. Hiyo maji ndiyo ilikuwa dawa sahihi, na hakuna aliyemfundisha.

Kwenye chuma kilichobaki chini kulikuwa na kioevu cha njano. Hicho ndicho ile dawa ya kuzuia kutu, kromati ya sodiamu, kromiamu ya aina ambayo inasababisha kansa. Kilimwagika kwenye mchanga, mvua ikaja. Ziwa hili limo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya kimataifa tangu 1995, na karibu kila mtu hapa analaumu mashamba ya maua kwa kila kitu kinachoingia ndani yake. Pengine kwa haki, sijui nitalimaliza hilo lini. Lakini ile ya njano haikutoka kwenye shamba la maua. Ilitoka kwenye kempa ambayo mtu fulani alilipwa "kuiboresha".

Kwa hivyo fundi yeyote anayenisoma: kipozeo kikitoka, kisikatwe, kisitobolewe, kisiuzwe kwa kilo. Kibaki kimefungwa kilivyo, kihifadhiwe mahali penye hewa mbali na watoto, na gharama ya kukipeleka kwa mshughulikiaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA iwe kwenye bili ya mteja tangu siku ya kwanza. Mteja mwenye kempa ana uwezo wa kulipia hilo. Akikataa, mrudishie kipozeo chake aende nacho kwake Karen akakiweke sebuleni.

Na hapa niongeze kitu kidogo cha nje ya kempa. Nimesema abzopsheni iko mahali si pake. Pake ni wapi? Ni mahali ambapo joto ni la bure. Ukisimama hapa Kamere ukatazama kusini unaona mvuke wa Olkaria. Mtambo wa kwanza wa mvuke uliwashwa pale mwaka wa 1981, na maji moto yanayobaki baada ya mvuke kutenganishwa mengi yanarudishwa chini ardhini. Shamba la Oserian limewahi kutumia joto la kisima kupasha greenhouse za maua. Kule Menengai, GDC ilionyesha kwamba joto la ardhini linaweza kuchemsha maziwa, kukausha nguo, kupasha vidimbwi vya samaki. Mashine kubwa ya amonia na maji inayoendeshwa na joto kama hilo inaweza kutengeneza barafu. Sayansi ni ile ile ya wale wanafunzi wa Stockholm. Mkoba wa mtu mmoja hautoshi, hilo ni la kaunti na kampuni kukaa chini. Lakini ningependa siku moja niambiwe kwa nini chumba cha baridi cha samaki wa Kamere hakiwezi kuendeshwa na joto linalopita karibu namna hiyo.

Wakati tunangoja hiyo mikutano, kuna kompresa.

Yule mama wa ndoo za maji anauza ngege na mumi. Boti zikirudi asubuhi ananunua, na kufikia saa tisa mchana bei inaanza kushuka kwa sababu kila mnunuzi anajua samaki hatalala. Barafu anainunua ikiwa imebebwa na bodaboda, nusu yake ikiwa imeshayeyuka. Aliniuliza swali rahisi: hiki kitu mnachowawekea wazungu soda, hakiwezi kunishikia samaki?

Nikapiga hesabu mbele yake. Kilo 30 za samaki wenye joto la digrii 20, kuwafikisha digrii 2, ni karibu wati-saa 540 za joto la kutoa. Kompresa ndogo kama ya kempa itatumia kama wati-saa 450 za betri, lakini itachukua saa nane, na kwa saa nane samaki ameshaanza kulegea. Kugandisha hao samaki ndiyo kabisa, ni mara nne ya hiyo kazi. Kwa hivyo jibu ni hapana, kama unategemea sanduku lipoze samaki. Na ni ndiyo, kama samaki anaingia akiwa amepigwa barafu tayari, sanduku linabaki na kazi ya kumshikilia hapo alipo. Barafu ya kilo tano ambayo ilikuwa inaisha mchana inamfikisha kesho asubuhi. Anauza kwa bei yake na si ya saa tisa.

Tumepata sanduku la friji ya kempa iliyokufa, mlango wake mzima. Kipozeo cha zamani kimefungwa kwenye gunia nyuma ya banda, hakijaguswa, na tayari tumeulizia bei ya kukichukua. Foamu tumeongeza sentimita nne pande tatu. Paneli itakuwa ya wati 300, si 200, kwa sababu ya kazi ya ziada. Betri anachangia na dada zake wawili, kila mmoja anataka rafu yake ndani, na hapo ndipo ubishi umefika: ngege juu ama mumi juu. Nimewaambia bamba la baridi liko nyuma, rafu zote ni sawa. Hawaniamini.